Umbali kama Urithi: Historia ya Mtawanyiko wa Mji wa Lubumbashi na Njia za Kuuzuia

1. Utangulizi

Kila inapozungumzwa habari ya miji ya Afrika, husemwa kwamba miji hiyo imepanuka bila mpango. Usemi huo umerudiwa mara nyingi hata umekuwa kama ukweli usiohitaji ushahidi. Kutokana nao huzaliwa usemi wa pili, kwamba kosa ni la wale waliofika mjini wakiwa maskini, wakajijengea nyumba popote walipopata nafasi. Makala haya yanakusudia kuupima usemi huo kwa mfano mmoja, yaani mji wa Lubumbashi, tangu ulipoanzishwa mwaka wa 1910 hadi siku hizi. Hoja yake ni kwamba mtawanyiko wa mji huu ulianza ndani ya mpango wenyewe. Serikali ya kikoloni na makampuni waliuweka umbali kwa makusudi. Vizazi vilivyofuata viliurithi, kisha vikauzidisha.

Yafaa kwanza kueleza maana ya neno linalotumika. Mtawanyiko si kukua tu. Mji unaweza kuongezeka watu bila kutawanyika, ikiwa wakaaji wapya wanapata mahali karibu na kazi, soko na shule, na ikiwa vyombo vya usafiri vinawafikia. Mji hutawanyika pale ardhi inapoliwa kwa haraka kuliko watu wanavyoongezeka, au pale makazi yanapopelekwa mbali huku kazi zikibaki palepale. Kwa hiyo mambo mawili huenda pamoja daima: matumizi ya ardhi na njia za usafiri. Anayegawa kiwanja amegawa pia safari, na anayechora barabara ameamua pia mahali ambapo nyumba zitajengwa. Historia ya Lubumbashi ni historia ya mambo hayo mawili kuamuliwa mbalimbali.

2. Mji wa reli na wa shaba

Mji uliitwa kwanza Élisabethville, kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Ulizaliwa mwaka wa 1910, wakati reli kutoka Rhodesia, iliyoingia Katanga kwa Sakania, ilipofika mahali hapo. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilikuwa ikijenga kiwanda cha kuyeyushia shaba kando ya mto Lubumbashi, na shaba ya kwanza iliyeyushwa mwaka wa 1911. Émile Wangermée, mwakilishi wa Comité Spécial du Katanga na mkuu wa serikali katika jimbo, ndiye aliyeongoza kuuchora mji: barabara zilizonyooka, zinazokatana kwa pembe mraba, mfano wa miji ya Waingereza iliyokuwa kusini kwenye njia hiyohiyo ya reli.

Mambo mawili ya mwanzo huo yana uzito katika hoja yetu. La kwanza ni kwamba mji ulikuwa na sehemu mbili tangu siku ya kuzaliwa: upande mmoja mji wa serikali na biashara, upande wa pili kiwanda pamoja na kambi za wafanyakazi wake. Kila sehemu ilikuwa na bwana wake, na kila bwana alipanga ardhi yake. La pili ni ukubwa wa viwanja. Katika mji wa Wazungu kila nyumba ilipewa kiwanja kipana chenye bustani, barabara pana na miti pande zote mbili. Uzuri wa mitaa hiyo unasifiwa hata leo, na si bure. Lakini watu wachache walipewa ardhi nyingi katikati kabisa ya mji, mahali ambapo kazi zote zilikuwapo. Aliyekuja baadaye hakuweza ila kupita ng'ambo.

Reli nayo, ingawa ndiyo iliyouzaa mji, ilijengwa kwa ajili ya madini. Mwaka wa 1918 ilifika Bukama, na mwaka wa 1928 ikafika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kwenye mto Kasai. Ilisafirisha shaba na mashine, na watu kutoka mbali. Kumchukua mfanyakazi asubuhi kutoka nyumbani kwake hadi kazini halikuwa shauri lake. Kwa kazi hiyo Mwafrika alikuwa na miguu yake, na baadaye baiskeli akiwa na uwezo wa kuinunua.

3. Nafasi tupu na vitongoji vya Waafrika

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mtaa wa Waafrika ulihamishiwa kusini ya mji, mahali panapoitwa leo Kamalondo, ambapo Wabelgiji walipaita Albert. Kati ya mtaa huo na mji wa Wazungu iliachwa nafasi tupu, yenye upana wa mamia ya mita, ambayo katika hati za serikali iliitwa «zone neutre». Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: mbu wanaoeneza malaria wasiweze kuruka kutoka nyumba za Waafrika hadi nyumba za Wazungu.

Sababu hiyo haikusimama hata katika enzi yake. Maboi, yaani watumishi wa nyumbani, walilala katika vyumba vilivyojengwa nyuma ya viwanja vya Wazungu wenyewe, hatua chache kutoka chumba cha bwana. Kama mbu ndiye aliyeogopwa, boi asingewekwa pale. Ni dhahiri kwamba nafasi tupu ilikuwa chombo cha utawala. Ilitenga watu kwa rangi, ikarahisisha ulinzi, na ikawezesha kumdai kibali Mwafrika aliyeonekana usiku upande usio wake. Jambo la kukumbukwa ni kwamba chombo hicho kilitengenezwa kwa ardhi. Ardhi iliyokuwa karibu kuliko zote na katikati ya mji ndiyo iliyokatazwa kujengwa.

Kuanzia hapo kila hatua ilisogeza makazi mbele zaidi. Kamalondo ilipojaa, mtaa wa Kenya ulianzishwa mwaka wa 1929, kusini zaidi. Mwaka wa 1932 mitaa hiyo iliwekwa chini ya utawala wa pekee, ulioitwa «centre extra-coutumier», maana yake mahali pa Waafrika walio nje ya sheria za kienyeji. Wakati huohuo Union Minière, iliyoanza karibu na mwaka wa 1928 kuwapa wafanyakazi wake mikataba mirefu na ruhusa ya kuishi na wake zao, ilijenga kambi zake yenyewe karibu na kiwanda, zenye nyumba, shule na zahanati. Mfanyakazi wa kampuni alikaa karibu na kazi. Mfanyakazi wa mjini alikaa mbali nayo. Kwa hiyo hata katika ukoloni umbali haukuwalemea Waafrika wote sawasawa. Kampuni ilijua kwamba mtu anayetembea sana hufika kazini amechoka, na iliepuka hasara hiyo pale ilipokuwa yake.

Baada ya vita vya pili vya dunia watu waliongezeka kwa kasi. Katuba ilifunguliwa mwaka wa 1950, na Ruashi mwaka wa 1954, mbali upande wa mashariki, kuelekea mgodi wa zamani wa Étoile. Mwaka wa 1952 ilikuwa imeundwa Office des Cités Africaines, ambayo ilijenga nyumba kwa maelfu katika miji mikubwa ya Kongo. Nyumba za ofisi hiyo zilikuwa imara, na nyingi zinakaliwa hadi leo. Hata hivyo zilijengwa pale ardhi ilipokuwa rahisi, si pale kazi zilipokuwa. Ilihesabiwa bei ya tofali. Bei ya safari ya kila siku haikuhesabiwa, kwa sababu ilikuwa ikilipwa na mwingine.

Tarehe 20 Juni 1957 ilitolewa amri juu ya mipango ya miji, ambayo iliendelea kutumika miaka mingi baada ya uhuru. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba mji huu ulikosa mpango. Ulipangwa na wasanifu, wahandisi na maofisa kwa muda wa miaka 50, na umbo lililotokana na kazi yao ni hili: katikati penye watu wachache, nafasi tupu, kisha vitongoji vilivyosongamana kusini na mashariki.

4. Ushahidi wa lugha

Wanafunzi wa lugha wana njia yao ya kuisoma historia hii. Mkaaji wa Katuba au Ruashi anapopanda gari kuelekea katikati, husema kwamba anakwenda «ku ville»; arudipo nyumbani, anarudi «ku cité». Kwa sheria yuko katika mji mmoja muda wote. Kwa Kiswahili anachokisema kila siku, ametoka mahali pamoja na kuingia mahali pengine. Maneno hayo mawili ya Kifaransa yaliingia katika Kiswahili cha Lubumbashi pamoja na mipaka ambayo maneno hayo yaliitaja. Amri za kutenga watu zilikwisha kufutwa, lakini maneno yamebaki, kwa sababu umbali wenyewe umebaki.

Ushahidi mwingine ni wa maandishi. Mwaka wa 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya mji kama walivyoifahamu wao. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na maelezo mwaka wa 1990. Umuhimu wa maandishi hayo ni kwamba yanautazama mji kutoka nyuma ya ua. Hati za serikali zinahesabu viwanja na barabara. Maandishi ya namna hii yanamkumbuka mtu aliyezitembea. «Adhabu ya kaburi aijua maiti», na adhabu ya umbali aijua mwenda kwa miguu.

5. Baada ya uhuru: urithi unazidishwa

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1960, vibali vya kukaa mjini vilikoma kuwa na nguvu. Watu walikuja kwa wingi, na misukosuko ya siasa iliongeza wimbi hilo. Wakati wa kujitenga kwa Katanga, kambi ya wakimbizi Waluba iliyokuwa chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa katika mji huu ilikuwa na watu wapatao 75,000 kabla ya kufungwa mwaka wa 1962. Baadaye mitaa mipya ilizuka pembeni ya ile ya zamani. Jina la mji lilibadilishwa kuwa Lubumbashi mwaka wa 1966, lakini umbo lake halikubadilishwa. Viwanja vipana vya katikati vilibaki vipana, vikapata wenyewe wapya.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya Taifa, na kwamba raia hupewa haki ya kuitumia. Katika miji sheria hiyo ilitakiwa kurahisisha mipango, kwani mwenye ardhi ni mmoja. Ikawa kinyume chake. Kuhusu ardhi za vijiji, sheria iliahidi kwamba amri ya Rais ingeeleza haki za wakaaji wake; kwa miongo mingi amri hiyo haikutoka. Kando ya mji, mahali hasa ambapo upanuzi hutokea, mamlaka mawili yakakutana: ofisi ya ardhi na mkuu wa kienyeji. Mnunuzi aliweza kupata kiwanja kwa mmoja, na mwenzake akapata kilekile kwa mwingine. Ofisi moja ilipokuwa ikigawa viwanja, hakuna aliyekuwa akitenga njia ya basi, mahali pa shule wala mkondo wa maji ya mvua. Eneo linaloitwa Annexe, linaloizunguka Lubumbashi karibu pande zote, ndilo lililopokea sehemu kubwa ya upanuzi huo.

Kuanguka kwa Gécamines, mrithi wa Union Minière, kuliongeza tatizo kwa namna ambayo haionekani mara moja. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka wa 1994 ilitoa chini ya tani 50,000. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi. Zamani mshahara, nyumba, shule na hospitali vilikuwa mahali pamoja, kambini. Mkono wa kampuni ulipolegea, kila familia ilitoka kuvitafuta vitu hivyo kimojakimoja: soko huku, shamba la mahindi kule, shule kwingine. Safari zikawa nyingi kuliko zamani, wakati vyombo vya usafiri vilikuwa vichache kuliko zamani.

Baada ya sheria ya madini ya mwaka wa 2002, makampuni mapya yalikuja na fedha zikarudi, lakini fedha hizo nazo zilifuata njia ya zamani. Nyumba zikajengwa mojamoja kandokando ya barabara kuu ziendazo Likasi, Kipushi, Kasenga na Kasumbalesa. Mji ambao mwaka wa 1984 ulikuwa na watu zaidi kidogo ya nusu milioni sasa unakadiriwa kupita milioni mbili, katika eneo la kilomita za mraba 747. Msitu wa miombo umerudi nyuma, na makaa yanayopikia chakula cha mji yanatoka mbali zaidi kila mwaka, mengi yakiwa juu ya baiskeli zinazosukumwa na watu.

6. Hesabu ya umbali

Hasara ya mtawanyiko yaweza kuonyeshwa kwa hesabu nyepesi. Ichukuliwe barabara ya kilomita moja yenye viwanja pande zote mbili. Kila kiwanja kikiwa na upana wa mita 20 mbele, barabara hiyo itahudumia viwanja 100. Kikiwa na upana wa mita 40, itahudumia viwanja 50. Bomba la maji ni lile lile, waya wa umeme ni ule ule, mfereji ni ule ule. Wanaolipia wamepungua nusu. Ndiyo maana serikali yenye mfuko mdogo haiwezi kufikisha maji katika mji uliotawanyika, hata kama ina nia njema.

Hesabu ya basi ni hiyo hiyo. Basi huishi kwa abiria wanaoweza kufika kituoni kwa dakika chache. Nyumba zikiwa chache kando ya njia, dereva hungoja mpaka gari lijae, abiria wa kwanza hupoteza nusu saa, na nauli hupanda. Mtu anayekaa kilomita nane kutoka kazini, akishindwa nauli, hutembea zaidi ya saa moja na nusu kwenda na muda kama huo kurudi. Saa tatu kila siku, siku sita kwa juma, ni saa 18: karibu siku mbili na robo za kazi ya saa nane, ambazo hakuna anayemlipa. Mwanafunzi anayekwenda Kasapa, ambako chuo kikuu kiliwekwa nje ya mji, anaifahamu hesabu hii bila kufundishwa.

7. Mji mwingine wa Kiswahili, na mwalimu wake

Lubumbashi si mji pekee wa wasema Kiswahili uliorithi nafasi tupu. Katika Dar es Salaam serikali ya Waingereza, katika miaka ya 1920, iliugawa mji katika kanda tatu, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Kariakoo, mtaa wa Waafrika, na sehemu ya biashara na makazi ya Wahindi. Mpango ni ule ule, ingawa bendera ilikuwa nyingine. Baada ya uhuru mji huo pia ulipanuka kufuata barabara kuu, na sehemu kubwa ya nyumba zake zilijengwa nje ya viwanja vilivyopimwa. Kwa usafiri watu walitegemea mabasi madogo ya watu binafsi yaitwayo daladala, yaliyoruhusiwa rasmi mwaka wa 1983. Sensa ya mwaka wa 2022 ilihesabu katika mkoa huo watu zaidi ya milioni 5.3.

Mwezi Mei 2016 Dar es Salaam ilianza kutumia mabasi makubwa yenye njia yao wenyewe, kuanzia Kimara hadi Kivukoni, kwa kufuata barabara ya Morogoro. Jina rasmi lilikuwa «mabasi yaendayo haraka». Wananchi walilifupisha wakasema «mwendokasi», na neno hilo sasa ni mali ya lugha. Njia ya namna hii ilibuniwa kwanza Curitiba, mji mkuu wa jimbo la Paraná huko Brazil. Mji huo ulikuwa na watu wapatao 180,000 mwaka wa 1950 na zaidi ya 600,000 mwaka wa 1970, kwa hiyo ulikua kwa kasi inayolingana na ya miji yetu. Mpango wake wa mwaka wa 1966, uliotekelezwa hasa chini ya meya Jaime Lerner kuanzia mwaka wa 1971, haukuanza na mabasi. Ulianza na swali la mahali pa kujenga. Ilichaguliwa mihimili michache inayotoka katikati kwenda nje. Kandokando ya mihimili hiyo ikaruhusiwa kujengwa nyumba ndefu, na mbali nayo nyumba fupi. Ndipo mwaka wa 1974 mabasi yakapewa njia yao katikati ya mihimili. Mabonde yanayofurika maji yaligeuzwa kuwa bustani za watu wote. Nauli ikawa moja, hata anayekaa mbali asilipe zaidi ya anayekaa karibu.

Tofauti kati ya miji hiyo miwili inafundisha. Curitiba ilifunga ardhi na usafiri kwa kamba moja. Dar es Salaam ilileta basi jipya katika mji ambao ulikuwa umekwisha kujijenga, na basi hilo likajaa kupita kiasi kwa sababu kazi nyingi zimebaki upande mmoja na watu wengi upande mwingine. Zaidi ya hayo, karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, na mafuriko yakaifikia. Usafiri ulioamuliwa bila kuisikiliza ardhi uliadhibiwa na ardhi yenyewe.

Wala Curitiba isifanywe sanamu. Ardhi iliyo kando ya mihimili ilipanda bei, na maskini wengi wakasukumwa hadi miji midogo ya jirani, ambako mtawanyiko uliendelea nje ya mamlaka ya meya. Mipango yake ya mwanzo ilitekelezwa wakati wa utawala wa kijeshi, ambapo meya aliteuliwa bila kupigiwa kura. Kwa hiyo mtu anayetaka kuiga lazima aulize pia ni nani atakayelipa bei ya utaratibu mpya.

8. Njia za kuuzuia mtawanyiko

Swali hilo ndilo kiini cha jambo hapa Lubumbashi. Mara nyingi maneno «kuzuia upanuzi wa mji» hutafsiriwa kwa vitendo kuwa kubomoa nyumba za watu waliojenga pembeni. Historia iliyoelezwa hapo juu inaonyesha kwamba tafsiri hiyo ni dhuluma, na pia haifai kitu. Ni dhuluma kwa sababu mtu aliyejenga mbali hakuchagua umbali. Sehemu za karibu zilikuwa zimefungwa kabla hajazaliwa. Haifai kitu kwa sababu aliyebomolewa hatoweki. Hujenga tena, mbali zaidi.

Njia zifaazo ni zile zinazogeuza maamuzi ya zamani. Kwanza, njia itangulie kiwanja. Kabla ardhi yoyote haijagawanywa katika Annexe, barabara ya basi, mifereji, shule na soko viwekewe mipaka, hata kama fedha za kuvijenga hazijapatikana. Mpaka uliochorwa mapema ni kazi ya mpimaji kwa siku chache. Mpaka unaotafutwa baada ya nyumba kujengwa ni machozi na fidia. «Usipoziba ufa utajenga ukuta.»

Pili, katikati pafunguliwe. Viwanja vipana vya mji wa zamani vinaweza kukatwa, nyumba za ghorofa mbili au tatu zikaruhusiwa, na kiwanja kinachoachwa tupu miaka mingi kikatozwa kodi inayomfanya mwenyewe ajenge au auze. Maji na umeme vikisha kufika mahali, ni busara kuongeza watu hapo kuliko kuvipeleka porini. Lakini sehemu ya nyumba hizo lazima iwe na bei anayoiweza mtumishi wa kawaida, la sivyo yatarudi yaliyotokea Curitiba.

Tatu, kazi zihamishwe pia, si watu tu. Ofisi za serikali, matawi ya benki, zahanati kubwa na masoko yenye bidhaa zote yakiwekwa Katuba na Ruashi, safari nyingi zitafupika bila kununua hata basi moja. Nne, ofisi ya ardhi na wakuu wa kienyeji wanaozunguka mji wawe na daftari moja, kila kiwanja kiandikwe mara moja na kwa jina moja. Bila daftari hilo hakuna mpango wowote unaoweza kusimama, kwani kila mstari unaochorwa mchana hufutwa usiku. Tano, mabonde ya mito na misitu iliyosalia yahesabiwe kuwa viungo vya mji, si akiba ya viwanja.

9. Hitimisho

Imeonekana kwamba mtawanyiko wa Lubumbashi una wazazi wanaojulikana: viwanja vipana vya mwaka wa 1910, nafasi tupu ya miaka ya 1920, vitongoji vilivyosogezwa mbele hatua kwa hatua hadi Ruashi, kisha sheria ya mwaka wa 1973 iliyoacha swali la ardhi za pembeni bila jibu. Wakaaji wa pembeni walikuja baadaye, wakayakuta mambo hayo yamekwisha kuamuliwa. Kilichoamuliwa na watu chaweza kuamuliwa upya na watu, na muda haujapita. Barabara ziendazo Likasi na Kipushi bado zina ardhi kandokando ambayo haijagawanywa. Kila kiwanja kitakachopimwa hapo bila njia ya basi kitamwekea mtoto ambaye bado hajazaliwa safari ya saa tatu kwa siku, naye, kama babu yake aliyevuka nafasi tupu kwa miguu, ataambiwa kwamba mji wake ulikua bila mpango.